Manka Anakula, Lakini Anachechemea

Hata leo naikumbuka vizuri siku ile, mwanangu, siku ya mbio ndefu za farasi kule mashamba ya chini, upande wa magharibi wa mlima. Ilikuwa miaka ile wageni walipoanza kukodi mashamba yaliyokuwa ya serikali. Mmoja wao alileta farasi, akatuajiri mimi na kaka yangu Elia, watoto wa Machame tusiojua mnyama mwingine ila ng'ombe wa ndani. Kaka alipanda, mimi nikawa mtunzaji: maji, nyasi, na kumpeleka farasi kwa daktari wa wanyama, aliyewakagua kila kituo cha mbio.

Farasi wetu tulimwita Manka. Jamani, nilimpenda yule mnyama! Akisikia hatua zangu tu, anaanza kulia kabla sijafungua mlango.

Kaka na Manka walipokuwa wanaingia kituo cha pili, nikaona kichwa cha Manka kinapanda kila mguu wa mbele wa kushoto ukigusa kokoto. Kwenye udongo laini kinatulia. Nikamwambia kaka. Akashuka, akamtupia Manka nyasi, naye akazifakamia.

"Si unaona anakula?" akasema. "Mgonjwa gani huyo?"

Usimcheke, mwanangu. Kwetu ng'ombe hatoki zizini. Unamkatia majani, unamkatia mgomba, unamletea, na ukitaka kujua hali yake unatazama anavyokula. Miguu yake nani anaitazama? Haendi popote.

"Ukimwambia daktari, tumetolewa mbioni," akaninong'oneza. "Nyamaza, Ndeshi. Mimi ndiye mkubwa."

Lakini nilishika kamba nikaenda. Daktari alikuwa mama mmoja mfupi, mkali kwelikweli.

"Shikamoo mama. Huyu farasi ni mgonjwa."

"Marahaba. Kama ni mgonjwa nitasema mimi. Wewe niambie umeona nini."

Nilihisi nimepigwa kibao. Nikaanza upya: mguu wa mbele wa kushoto, kwenye kokoto tu, kichwa kinapanda, asubuhi hakuwa hivi. Akaniambia nimkimbize Manka kwenye nyasi. Alikimbia vizuri kabisa, na kaka akaanza kutabasamu. Yule mama hakutabasamu.

"Kwenye kokoto sasa," akasema.

Kichwa kikapanda, kikapanda tena. Daktari akapapasa ule mguu kwa nyuma, chini ya goti, kisha akanishika mkono akauweka pale. Palikuwa pa moto.

"Angeendelea, kano hii ingekatika. Mbio zake zimeishia hapa."

Elia alinuna, tena sana. Hakunisemesha njia nzima, na nyumbani mama ndiye aliyekuwa anatupelekea salamu. Sikujuta hata kidogo. Manka alipumzishwa miezi mingi, akapona. Siku ya kumpanda tena, kaka alichukua kamba, akaniwekea mkononi.

"Mkimbize kwanza kwenye kokoto," akasema. "Nataka kumtazama."

Basi mwanangu, wewe unayekwenda kutunza farasi, mtazame anapotembea, si anapokula tu. Mkimbize penye ugumu na penye ulaini, mzungushe pande zote mbili. Ukiona kitu, mwendee daktari kabla hajakuuliza: mguu gani, ardhi gani, tangu lini. Jina la ugonjwa mwachie yeye. Na usinyamazishwe na mtu, hata kama mmenyonya ziwa moja.

Mungu akupe jicho la kuona na mdomo wa kusema, na kila farasi utakayemshika arudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe.