Alinibadilishia Ng'ombe wa Mama kwa Punda Mzee

Meno ya punda wangu yalianza kuchuja rangi siku ya tatu.

Sitanii. Nilikuwa kisimani, nimemshika taya nimtoe mwiba mdomoni, kidole changu kikatoka cheusi ti. Nikasugua tena. Kipande cha nta kikabanduka kwenye jino, kikadondoka kwenye ndoo, kikaelea.

Jamani, jino gani linabanduka?

Naitwa Matonya, mtu wa Mlali. Mwaka ule reli ya Mdachi ilikuwa imefika Dodoma, na mimi na mama yangu tulikuwa tumehama kwetu kwa sababu ya ukame, tukajenga kibanda kando ya mji.

Mali yetu ilikuwa moja tu. Ng'ombe wa mama, anaitwa Madoa.

Na mama hakuwa na jino hata moja kinywani. Maziwa ya Madoa ndiyo yalikuwa ugali wake, ndiyo mboga yake. Bila yale maziwa alikuwa anakunywa uji mwembamba na kulala.

Sasa mimi, kwa akili zangu nyingi, nikaona watu wa reli wanalilia maji. Nikajisemea, nikipata punda mwenye nguvu nitawapelekea maji mpaka mavuno, halafu nitamrudishia mama ng'ombe wawili badala ya mmoja.

Nikamweleza mama.

"Matonya, huyo punda ukimkosea ni mimi nitakaa na njaa, si wewe."

"Mama, niamini."

Nikaenda kwa Mbaruku.

Mbaruku alikuwa mchuuzi wa wanyama, zizi lake nyuma ya stesheni. Kanzu safi, kofia ya kushonwa, na ulimi uliopakwa asali. Alinitolea punda mweusi anayeng'aa, sikio la kushoto limechanika kidogo.

"Huyu, kijana wangu, ana miaka minne. Hajui kuchoka. Ametoka Kondoa na mzigo mgongoni, amefika hapa anacheza."

"Sikio je?"

"Fisi alimparua akiwa mtoto. Fisi ndiye aliyekimbia!"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Akafungua mdomo wa chini wa punda. "Ona mwenyewe vishimo vyeusi kwenye meno. Punda mzee hana vishimo hivi. Ukiona ana ila yoyote, mimi si mtoto wa baba yangu."

Nikakagua. Meno ya chini, safi. Kwato, safi. Nikamkabidhi kamba ya Madoa.

Sasa turudi kisimani, mimi na kidole cheusi.

Nyuma yangu alikuwepo mama mmoja wa mjini, Sikudhani, ambaye baba yake alikuwa akiongoza misafara ya punda zamani. Alikuwa ananitazama na mkono kiunoni.

"Mdomo wa juu uliufungua?"

"Wa juu wa nini?"

"Meno ya juu, baba! Uliyaona?"

Nikamjibu kwa uhakika wote, "Mama, mbele juu kuna meno gani? Si ufizi tu?"

Sikudhani alicheka mpaka akaweka mtungi chini.

"Nyie Wagogo mtamalizwa! Ng'ombe ndiye hana meno ya mbele juu. Punda anayo, kama wewe na mimi. Mbaruku anajua mnakagua punda kama ng'ombe, kwa hiyo anatengeneza ya chini tu. Anachimba vishimo, anatia nta na masizi. Ya juu hayagusi, maana hakuna Mgogo anayeinua huo mdomo."

Akauinua yeye.

Mungu wangu. Meno marefu, ya manjano, yamechongoka kwenda mbele. Akamwaga maji mgongoni kwa punda, akasugua kwa kiganja. Piko, ile rangi nyeusi ya kupaka nywele, ikatoka. Chini yake mvi tupu.

"Huyu ana miaka ishirini na ushee," akasema. "Pole, mwanangu."

Nilimkumbuka mama yangu na kile kibakuli chake cha uji.

Nikamvuta punda mpaka kwa Mbaruku.

"Nirudishie ng'ombe wangu."

Hakuinua hata uso. "Ng'ombe gani? Tumebadilishana mbele ya watu, umeridhika. Mnyama akishatoka kwenye zizi langu harudi."

"Umenidanganya umri!"

"Wewe si uliangalia meno? Au macho yako nayo niliyauza mimi?"

Wapambe wake wakaangua kicheko. Halafu akaongeza, taratibu, "Na huyo Madoa wako msahau. Ijumaa ya mwisho wa mwezi anapanda behewa kwenda pwani. Kuna mchinjaji anamsubiri."

Hapo ndipo nilipoapa. Nikasema moyoni, Mbaruku, utanitambua.

Nikaenda kwa akida aliyewekwa na Wadachi, Bwana Zaidi, nikashtaki. Punda amesimama pale uani, kila mtu anamwona. Karani Sostenes, kijana wa misheni mwenye mwandiko mzuri, akaandika yote kwenye daftari: rangi ya punda, sikio lililochanika, na malalamiko yangu kwamba ni mzee na meno yametiwa nta.

Mbaruku akaitwa. Lakini akida alikuwa mnywaji mkubwa wa kahawa ya Mbaruku.

"Mbaruku, unaapa?"

"Naapa. Punda ana miaka minne, mzima, hana ila, anaweza safari yoyote."

"Basi. Shauri limekwisha."

Sikudhani alikuja kushuhudia. Hata kuulizwa hakuulizwa.

Nilikuwa nageuka niondoke, wazo likanijia. Nikarudi, nikainama kwa heshima.

"Shikamoo, Bwana Akida. Naomba kiapo cha Mzee Mbaruku kwenye karatasi, na muhuri."

Akida akacheka. "Mgogo anataka karatasi! Haya Sostenes, mpe akafunikie chungu."

Mbaruku alicheka kuliko wote. Nikaikunja ile karatasi, nikaifunga kwenye pindo la shuka yangu.

Wiki mbili zikapita. Mama alikuwa amekwisha jamani. Mashavu yameingia ndani, akisimama anashika ukuta. Jirani alitupa maziwa mara mbili, na yeye ana watoto. Hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo liliniuma kuliko matusi.

Ndipo mbiu ikapigwa mjini. Boma linakodi punda sita wazima, wenyewe wawaswage, kwa safari ya Bwana Shauri, yule Mdachi aliyekuwa anaamua kesi kubwa. Anakwenda Kondoa na masanduku yake.

Unaona ninapoelekea?

Nikampaka punda piko upya kwa mikono yangu. Nikampeleka bomani na karatasi. Askari akasoma, akaona muhuri, akaona jina la Mbaruku. Hakuinua mdomo wowote.

"Miaka minne. Mzima. Hana ila. Mpakieni."

Wakampakia masanduku ya chupa na vioo vya kupimia ardhi. Nilimwonea huruma yule punda mzee wa watu, nakiri. Lakini hasira ilinishinda.

Hatukufika mbali. Kwenye mchanga wa korongo la kwanza punda akasimama, akapumua kwa nguvu, akakunja magoti, akalala na masanduku yote. Nikasikia vioo vikivunjika kimoja baada ya kingine.

Bwana Shauri akashuka kwenye nyumbu wake, uso mwekundu. Alikuwa mtu wa farasi kwao, hakuhangaika na meno ya chini. Akainua mdomo wa juu moja kwa moja.

"Mzee huyu! Nani kasema miaka minne?"

Nikampa karatasi kwa mikono miwili.

Jioni ile ile tulirudi na punda, Mbaruku akasimamishwa barazani bomani. Akida yupo, karani yupo na daftari lake kwapani, na nusu ya mji ipo ukutani inachungulia. Nilitaka kuruka kwa furaha.

Lakini Mbaruku si mjinga. Alimtazama punda, akanitazama mimi, akashika kifua.

"Bwana Mkubwa, huyu si punda wangu! Mimi nilimpa punda kijana. Huyu mtu kamuuza, kaleta kizee hiki kuniharibia jina. Nani anaweza kusema ni yule yule?"

Bwana Shauri akanigeukia. "Una ushahidi?"

Nikamtafuta Sikudhani ukutani, hayupo. Nikamtazama akida, akatazama dari. Nikamtazama Sostenes, naye akanitikisia kichwa kidogo sana. Kama anasema, Matonya, usithubutu.

Nikaelewa.

Ushahidi ulikuwepo, ndani ya daftari lile. Rangi, sikio, kila kitu. Lakini kwenye ukurasa ule ule yalikuwepo malalamiko yangu. Daftari likifunguliwa, Mbaruku amenaswa, na mimi nimenaswa. Maana litasema nilijua punda ni mzee wiki mbili kabla sijampeleka bomani.

Nikinyamaza, naondoka salama. Na kesho kutwa ni Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Madoa anapanda behewa, na mama yangu anazikwa kabla ya mvua.

"Bwana," nikasema, "mwambie karani afungue daftari la akida."

Sostenes akafumba macho, kisha akafungua daftari, akasoma. Punda mweusi. Sikio la kushoto limechanika. Mbaruku aapa. Matonya alalamika, punda ni mzee, meno yametiwa nta.

Mbaruku akakaa chini na kanzu yake safi.

Bwana Shauri hakumwangalia. Alikuwa ananiangalia mimi.

"Wewe ulijua."

"Nilijua, Bwana."

"Ukaniletea mimi."

"Nilikuletea."

Akaandika kitu, akatangaza hukumu kwa Kiswahili chake kigumu. Ng'ombe arudi kwa mwenyewe usiku huo huo. Punda arudi kwa Mbaruku. Akida atajibu kwa nini kiapo cha uongo kimepigwa muhuri wake. Mbaruku, kwa kudanganya, hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano.

Umati ukashangilia. Nami nikashangilia.

"Na Matonya," akasema, "kwa kudanganya, hamsa ishirini."

Umati ukashangilia tena, watu hawana haya.

Alianza Mbaruku. Nilihesabu kwa sauti, kimoja kimoja, mpaka askari akaniambia nifunge mdomo. Kwenye kumi na saba alilia kama ndama, na sitawadanganya, moyo wangu ulipoa kama nimemwagiwa maji ya mtungini.

Halafu ikawa zamu yangu, na mimi nililia kuanzia cha tatu.

Nilirudi nyumbani natembea kama kaa, kamba ya Madoa mkononi. Mama alisikia kengele ya ng'ombe, akatoka nje ameshika ukuta. Alikamua mwenyewe. Alikunywa kibuyu kizima bila kupumzika, kisha akanishika bega, nikaruka kwa maumivu.

"Nani kakufanya hivi?"

Nikamsimulia yote. Piko, karatasi, masanduku, daftari. Nilitegemea atanisifu.

Mama alifuta midomo.

"Ng'ombe ni haki yako, na umeipata. Lakini vile viboko vyako, Matonya, Mdachi hakukosea. Mbaruku aliniuzia mimi njaa akijua. Wewe umempelekea mtu mwingine punda yule yule ukijua. Sasa nikiwaweka pamoja, nitawatofautisha kwa kanzu?"

Nililala kifudifudi siku sita nikitafuta jibu.

Wiki ya pili nikaenda kusimama mbele ya zizi la Mbaruku siku ya gulio. Nikasimama tu pale anione. Mnunuzi mmoja kutoka Busi alikuwa anamkagua punda. Mbaruku akaniona, akamwambia yule mtu, "Ana jicho moja bovu, na kwato ya nyuma ina ufa."

Gulio lililofuata nikasimama tena. Na lililofuata. Mwaka mzima nimesimama pale, na kila akiniona anataja ila zote mpaka wanunuzi wanamshangaa.

Wewe unayenisoma, ukiuza kitu sema ila yake kabla hujapokea kamba ya mwenzako. Ukiuziwa kibovu, dai haki yako mpaka mwisho, usione aibu, usiogope muhuri wa mtu.

Lakini ukishaijua ila, usimpelekee mwingine. Mgongo wangu mpaka leo ikibadilika hali ya hewa unanikumbusha, na haunikumbushi Mbaruku. Unanikumbusha mikono yangu mwenyewe, ikimpaka yule punda piko.