Mtaa Uliomwaga Lutuku

Mdogo wangu wa mwisho alikuwa fundi wa baiskeli. Watu waliofika kutoka Bukama na mizigo ya samaki walimtafuta yeye, kwa sababu gurudumu lililopinda likipita mikononi mwake lilitoka limenyooka. Kisha akaanza kunywa lutuku, pombe kali ya mahindi na mihogo inayopikwa nyuma ya nyumba, na mikono ile ikawa inatetemeka tangu asubuhi. Wateja wakamhama. Mimi mwalimu nilikuwa nikifundisha watoto wa watu, na mtoto wa mama yangu analala mtaroni.

Hakuwa peke yake. Karibu kila nyumba ya mtaa wetu ilikuwa na kijana wake wa kuokotwa mtaroni amelewa. Ndiyo maana sisi akina mama wa Kimethodisti tukaungana na wa Kikatoliki, jambo tusilolizoea, tukamwomba shefu, mkuu wa mtaa, atuongoze. Jumamosi moja tulikwenda kwa mjane aliyepika lutuku, tukapindua mapipa yake na kuvunja bomba la mvuke. Hakulia, hakututukana.

“Mumwange tu, bamama,” alisema. “Lakini yangu ninayionjaka mbele ya kuuzisha. Batoto benu bataenda kunwa kwingine. Kule nani ataonja?”

Tulidhani anatetea riziki yake tu. Tulirudi tukiimba.

Na kwa muda mambo yalikwenda vizuri. Kanisa liliwapa vijana kiwanja cha kufyatua matofali. Mdogo wangu akanenepa kidogo, akarudi kula nasi mezani. Alikuwa akinionyesha viganja vilivyopasuka kwa udongo, anacheka. Kisha mvua zikaja. Matofali mabichi yakayeyuka, kazi ikasimama, na kamati tuliyoiunda sisi akina mama haikuwa na kitu cha kuwapa ila mahubiri. Vijana wakampata mtu ng'ambo ya reli aliyeuza pombe katika vifuko vya plastiki, imechanganywa na vidonge. Hakuna aliyejua inapikwa wapi.

Asubuhi moja nilimkuta mdogo wangu ameketi kitandani, jua limemjaa usoni.

“Yaya,” aliniuliza mimi dada yake mkubwa, “kutapambazuka saa ngapi?”

Nilimshika mkono. Nikamvisha viatu, tukaondoka. Hospitalini daktari alimmulika machoni, kisha akaniita pembeni akaniambia ile pombe ilikuwa sumu, na macho hayatarudi. Rafiki yake aliyekunywa naye alikuwa ameshakufa. Mjane alikuja kwenye kilio cha kijana huyo, akaketi nasi mkekani. Hakuna aliyethubutu kumtazama.

Nilidhani upofu ungemwachisha mdogo wangu pombe. Lakini wenzake humpitia nikiwa shuleni, wanamshika mkono, wanamvusha reli. Siku niliyomfokea alinijibu polepole, bila hasira:

“Yaya, weye uko na kazi. Minyi niko na nini?”

Wiki iliyopita kamati iliitwa tena. Tulikuja wachache. Shefu wa mtaa aliuliza nani ana wazo. Mvua ilikuwa ikipiga mabati kwa nguvu, tukajifanya tunangoja itulie ndipo tuseme. Ilitulia. Mama mmoja akasema basi tuombe, tukainamisha vichwa.