Nusu Saa kutoka Unguja hadi Pemba

Ndege zilizokuwa zikishuka kwenda Nairobi zilipita chini chini juu ya Kitengela na kutetemesha mabati ya nyumba yetu, na kila moja ilipopita Atieno alikimbia nje kuipungia mkono. Ilikuwa miaka ya tisini, kiangazi kikali, vumbi limeingia hadi kwenye unga wa ugali. Atieno, binti wa mama yangu mdogo, aliletwa kwetu akiwa na miaka tisa, mimi nina kumi. Baba yake alikuwa seremala Unguja, mama yake mpishi Pemba, na wakubwa walimwambia kwamba bahari imewatenga. Siku watakapoweza kukutana, watakuja pamoja kumchukua. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini huyu wetu hakufungwa yoyote. Alipewa nusu ya kitanda changu na chapati ya kwanza kutoka jikoni, nami nikamchukia kwa moyo wangu wote.

Muhula huo mwalimu alitufundisha kupima umbali kwa uzi juu ya atlasi, na mimi nilikuwa hodari. Jioni moja, mama akisonga ugali, nililaza uzi kutoka uwanja wa ndege wa Unguja hadi ule wa Pemba, nikaunyoosha kwenye rula, nikapiga hesabu ya kilomita, kisha nikagawanya kwa mwendo wa ndege ndogo aliotutajia mwalimu. Nilijua ninachofanya. Sitasingizia utoto.

"Atieno, ni kama kilomita mia na ishirini tu," nikasema. "Kama hapa na Namanga. Kwa ndege ni nusu saa."

"Lakini kuna bahari."

"Ndege inapita juu. Penye nia pana njia. Wangekuwa wanakutaka, wangekuwa wamekuja."

Akaomba apime mwenyewe. Alipima taratibu, akapata vilevile. Mama alisimama na mwiko mkononi.

"Wewe, nani amekutuma kupima?" akaniuliza. Hakusema nimekosea, na Atieno alikuwa akimtazama usoni, akingoja aseme hivyo. Hakulia. Hakuwataja wazazi wake tena, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi wiki nzima.

Majuto ni mjukuu, na yangu yalichelewa kuzaliwa. Siku hizi hakuna anayehangaika na atlasi; simu inakupa umbali na saa kabla hujamaliza kuuliza. Atieno anaishi Rongai, mimi bado niko Kitengela. Alipojifungua alinipigia niende nimwone mtoto, nikamwambia barabara ya Magadi ina foleni mbaya. Mtoto huyo sasa anasoma darasa la sita. Ni aibu inayonizuia, lakini mdomo wangu husema foleni, au mvua, au kazi. Atieno hunisikiliza hadi mwisho, kisha husema, "Sawa, dada." Hajawahi kunibishia hata mara moja, na anajua vizuri kwamba ni mwendo wa saa moja.