Timu Iliyomsubiri Mnyapara

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shamba moja la kahawa huko Oldeani, nilikabidhiwa mizani na filimbi. Mizani ilikuwa ya kupimia kahawa mbivu. Filimbi, alinieleza Meneja, ilikuwa ya kuendeshea mazoezi ya timu ya shamba. Meneja alikuwa Mskoti, naye alishikilia kwamba kwao ndiko binadamu walikoanza kupasiana mpira. Sikuwa na njia ya kulithibitisha jambo hilo, kwa hiyo silitoi kama ukweli.

Timu ile iliishi msimu mmoja. Vijana wa Karatu husimulia kwamba iliuawa na uchawi wa wapinzani wetu wa kijiji cha Mbulumbulu. Huo ni uzushi. Mimi nilikuwapo.

Meneja alimteua Mzee Tluway kuwa nahodha na mshambuliaji wa kati, kwa sababu ndiye aliyekuwa mnyapara, yaani msimamizi wa wachumaji. Shambani, kijana hamtangulii mnyapara. Basi hata uwanjani hakuna aliyethubutu kufunga kabla yake. Pasi zetu zilipendeza mno, ila zote zilimsubiri mzee, na mzee alikuwa na goti bovu.

Kabla ya mechi ya mwisho, dhidi ya Mbulumbulu, Meneja aliniita. "Karani, waambie. Wasiposhinda, uwanja huu napanda kahawa."

Niliwaambia. Hadi dakika za mwisho hakuna aliyefunga. Ndipo Saning'o, winga wetu wa kulia, alipowapita mabeki wote, na kipa naye akaanguka. Goli likabaki tupu. Saning'o akaukanyaga mpira ukatulia, akageuka nyuma.

"Mzee, karibu."

"Piga wewe," nilimwambia kutoka pembeni.

"Mbele ya mzee? Karani, mimi nimelelewa."

Mzee Tluway akaja akichechemea. Kipa akapata muda wa kuinuka, kujipangusa vumbi na kuinamisha kichwa, kwani alikuwa amemwoa binti wa mzee huyo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, baba."

Mzee akauokota mpira, akamkabidhi. "Mkwe wangu simwaibishi mbele ya watu."

Refa akamaliza mchezo.

"Karani, kile ni kitu gani?" Meneja aliuliza.

"Heshima, bwana."

"Kwetu tunaita sare."

Alitimiza neno lake. Hadi nilipostaafu na kurudi kwetu Qurus, niliendelea kupima kahawa ya uwanja ule, na ubora wake naushuhudia mwenyewe. Lakini nikikumbuka timu, hukumbuka zaidi siku ya kupanda. Mashimo yalikuwa tayari tangu alfajiri. Tulisimama na miche mikononi hadi jua likawa kali, tukimsubiri Mzee Tluway aje aweke wa kwanza. Meneja naye alisimama palepale lilipokuwa goli, ameshika wake.