Nimemvunja Mke Wangu Mkono Nikiwa Ndotoni

Admin, ukiweka kisa hiki naomba uondoe jina langu, maana hapa mpakani watu tunajuana. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na nne, naishi Busia upande wa Uganda. Nafanya kazi kwa wakala wa forodha, napeleka karatasi za malori ofisi hii na ile. Nina mke, nitamwita Athieno, kwao ni Sop Sop kule Tororo. Tuna binti mmoja wa miaka sita, Adikini.

Tangu utotoni nimekuwa na ndoto ambazo ndani yake najua kabisa kwamba naota. Zamani zilikuwa raha tupu. Nikishajua ni ndoto, naruka juu ya mwamba wa Tororo kama kunguru, nashuka ninapotaka. Nilidhani kila mtu anaota hivyo mpaka nilipooa, Athieno akanicheka sana.

Miezi mitano iliyopita kitu kilibadilika, na sijui kwa nini. Niliota niko shambani kwa mama napalilia mihogo. Nikajua ni ndoto. Mara ile nilipojua, shamba likatoweka, mihogo ikatoweka, na mimi mwenyewe sikuwa na mikono wala miguu. Msifikiri ni giza, maana giza unaliona. Huko hakuna cha kuona. Hakuna juu wala chini, hakuna sauti. Kilichobaki ni akili yangu tu, ikijua kwamba ipo na haina pa kwenda. Najua nimelala, najua kitanda changu kiko wapi, lakini siwezi kuamka. Inaweza kuwa dakika tano. Kule ndani ni kama miaka.

Sasa kila nikijua naota, naishia huko. Nikaanza kuogopa kulala. Nilikunywa kahawa, nikatafuna mairungi, yale majani ya kufukuza usingizi, nikawa natembea kama mlevi. Kazini nilimpa dereva mmoja karatasi za lori lingine, akakwama mpakani siku mbili, na bosi akaniambia nikirudia nisije tena. Nilipomweleza mchungaji wetu aliniombea, akasema nifunge siku tatu. Nilifunga, na hali ikabaki ile ile.

Athieno ndiye aliyenisaidia. Alikuwa akikaa kando yangu nikilala, na akiona pumzi yangu imebadilika, ananitikisa na kuniita mpaka naamka. Mwezi mzima alifanya hivyo bila kulalamika, na mchana ana shamba na mtoto.

Jumapili moja tulitoka kanisani, tukala, usingizi ukanishinda kwenye kiti. Nikaangukia huko tena. Safari hii nikasikia sauti yake, "Baba Adikini, amka." Kule ndani sikuwa nimewahi kusikia kitu. Nikaishika ile sauti kwa nguvu zangu zote, kama mtu anayezama. Nilipofungua macho, nilikuwa nimeshika mkono wake na kuupinda, naye alikuwa amepiga magoti akilia. Adikini alikuwa amesimama mlangoni, anatuangalia.

Mfupa ulivunjika juu kidogo ya kiwiko. Kwenye zahanati Athieno alisema ameteleza kisimani. Lakini jirani alisikia kilio, na maneno yakafika Sop Sop kabla ya mimi kupiga simu. Jumanne kaka yake akaja na pikipiki mbili. Hakupaza sauti. Alisema, "Shemeji, sisi hatukukupa dada yetu upige. Ukitaka kumuona, njoo nyumbani uongee na wazee." Wakaondoka naye pamoja na mtoto.

Wiki ya pili sasa. Nilimpigia Athieno nikamwambia nitakwenda kueleza ukweli wote, kuhusu ndoto na mahali pale.

"Usithubutu," akasema. "Nikikwambia wazee watasema nini, unajua? Watasema umerukwa na akili, au una kitu cha ukoo wenu. Hawatanirudisha kwako kamwe. Lakini wakisikia ulinipiga, utaomba msamaha, watakugombeza, nitarudi. Mume anayepiga wamemzoea. Mgonjwa wa kichwa wanamwogopa."

Nikamuuliza kama yeye mwenyewe haniogopi. Akasema, "Naogopa. Lakini nataka kurudi nyumbani."

Sijawahi kumwinulia mwanamke mkono. Baba yangu alikuwa akimpiga mama, na niliapa nikiwa mdogo kwamba mimi sitakuwa yule. Sasa natakiwa kusimama mbele ya wakwe zangu niseme mimi ni yule, na binti yangu akue akiamini hivyo. Nimeomba kuongea naye kwenye simu, hataki. Anamuuliza mama yake kama baba bado ana hasira.

Na hata wakinisamehe, je? Athieno atarudi alale kando yangu na mkono mmoja, anisikilize pumzi. Nikimvunja na huo mwingine? Au ikiwa siku hiyo ni Adikini atakayekuja kuniamsha?

Tangu waondoke nimeingia kule mara nne, na hakuna wa kuniita. Nakaa tu mpaka mwili uamke wenyewe. Mara ya mwisho, niwaambie kitu ambacho sijamwambia mtu, niliacha kupigana. Nilipoamka sikuogopa tena, na nikagundua nilikuwa simkumbuki hata mtoto wangu. Ilichukua muda mrefu kabla sijaanza kulia.

Ndugu zangu mnaosoma, nisaidieni mawazo. Niwaambie wazee nilimpiga, nimpate mke wangu, au niseme ukweli na kumpoteza? Au nimwache akae kwao ambako yuko salama? Na kama kuna aliyewahi kufika mahali pale akapata njia ya kutoka, tafadhali aandike hapa chini. Kikao ni Jumamosi asubuhi, na mpaka sasa sijui nitafungua mdomo niseme nini.