Usizime Hadi Milola

Miaka ya ruksa, magari yaliyochoshwa na Wajapani yalipoanza kuingia nchini kama nguo za mitumba, nami nilijipatia moja. Lilikuwa pikapu jeupe lenye maandishi mlangoni ambayo hakuna mtu wa Mitwero aliyejua kama yanatangaza samaki au yanatutukana. Sikulinunua ili niende mahali. Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani, kidato cha nne chote kiliishia barazani. Gari nililiegesha chini ya mkorosho, na jioni nilikuwa naingia, nafunga vioo, nasikiliza redio yake.

Mama alipokuja mara ya mwisho kutoka Milola alilizunguka, akasema, "Hili gari au banda? Maana kuku nawaona, safari siioni."

Asubuhi moja mtu aliyepanda lori la korosho kutoka Milola alituletea habari kwamba mama amefariki alfajiri, na maziko ni baada ya adhuhuri. Mimi ndiye mwanawe wa kiume pekee. Kwetu mwanamke akizikwa hupokewa ndani ya kaburi na mwanamume wa damu yake, na mama alikwisha kuniambia zamani, "Wewe ndiye utakayenipokea, ukiweza kuinuka kitini."

Sikulia. Nilitafuta ufunguo.

Gari lilisema tk, likanyamaza. Redio ilikuwa imeinywa betri yote. Jirani yangu, dereva wa kubeba nazi, alisogeza gari lake, tukaunganisha betri kwa betri kwa nyaya, pikapu likawaka. Lakini taa nyekundu ya betri mbele ya usukani haikuzimika. Jirani aliitazama kama anatazama mtoto mwenye homa.

"Haichaji," alisema. "Altaneta, au mkanda wake. Kupekua sasa mtachelewa. Sikiliza, bwana mkaa ndani: redio usiguse, taa usiguse, honi usiguse. Na usizime hadi Milola. Ukizima umelala."

Dada yangu mkubwa alikaa kando yangu na kifurushi cha ubani mapajani.

"Unaendesha kama umepakia mayai," alisema tulipoacha nyumba za mwisho.

"Nalionea huruma."

"Taa?"

"Bado nyekundu."

Nilikuwa sihisi kitu. Nilihesabu minazi, nikaacha, nikahesabu mikorosho.

Tulikuwa tumekwisha kupita nusu ya njia tulipokuta watu mbele yetu wamebeba jeneza, wamejaa barabara nzima. Tangu utotoni tumefundishwa: ukikutana na maiti, unasogea pembeni, unazima gari, unanyamaza. Nilisogea pembeni. Na mkono wangu, ambao siku nyingine hauna haraka na jambo lolote, ukazungusha ufunguo.

Kimya kile kilikuwa kizuri sana.

"Umezima," dada alisema.

"Nimezima."

"Haya," alisema, kama mtu aliyeambiwa chai imekwisha.

Nilijaribu tena. Tk. Mbele yetu kulikuwa na mchanga na mwinuko, na wa kusukuma alikuwa dada peke yake. Nikamkimbilia mwanamume wa mwisho katika msafara, mzee mwenye jembe begani.

"Shikamoo. Gari langu limezima, naomba kusukumwa. Nawahi kumzika mama yangu Milola."

"Marahaba. Pole sana, baba. Lakini kila mwenye mikono kijijini hapa yuko na jeneza. Tukimaliza tutakusukuma wote."

Ningeweza kungoja garini. Niliona aibu, nikamwacha dada garini, nikafuata. Zamu ya kubeba ikanifikia, bega likapokea. Kaburini nikachota udongo na kutupia mara tatu, kama wenzangu. Sikujua tunamzika nani. Mtu mmoja alinitazama usoni, akanishika mkono, akanipa pole. Nikaitikia. Ilikuwa pole halali, tofauti ni kaburi tu.

Walipomaliza walikuja kweli, kundi zima. Mzee wa jembe alifunua boneti, akabonyeza mkanda kwa kidole gumba, ukabonyea.

"Huu mkanda ni wa kuanikia nguo," alisema. "Unateleza, altaneta haizunguki. Gari hili hutembea au linakaa?"

"Linakaa," dada alijibu kwa niaba yangu.

Mzee alilegeza nati kwa spana ya baiskeli, akapenyeza mpini wa jembe lake, ule ule wenye udongo wa kaburi, akaisukuma altaneta nje mpaka mkanda ukakazika, akakaza nati. Wakasukuma. Gia ya pili, nikaachia klachi, likakohoa, likawaka. Taa nyekundu ikazimika.

Milola tulikuta wanaume uani wananawa mikono kwenye ndoo moja. Mjomba, kaka yake mama, alikuja hadi dirishani.

"Tulikungoja mpaka watu wakaanza kuangalia jua," alisema. "Nimeingia mimi. Nimempokea."

"Asante, mjomba."

Akatazama mikono yangu kwenye usukani. "Mbona una udongo?"

"Nilikuwa nazika."

Dada alishuka, akaingia ndani kwa wanawake, nikasikia kilio kikianza upya. Mimi nilibaki nimeketi, gari linanguruma.

"Zima, mwanangu," mjomba aliniambia. "Umekwisha kufika."

Nilizima. Kisha, sijui kwa nini, nikazungusha ufunguo tena. Likawaka mara moja.