Mtu wa Moshi Njiani kwenda Everest

Sebuleni kwangu hapa Moshi nimetundika vitu viwili. Kimoja ni diploma yangu ya usimamizi wa maghala, niliyoisomea London miaka mitatu, jioni baada ya kazi, bila kushikwa mkono na mtu. Cha pili ni picha ya mama mmoja Mkenya aliyesimama kwenye mawe na barafu, amevaa koti jekundu, anacheka mpaka macho yamefumba. Wageni wote huuliza kwanza kuhusu picha. Zamani jambo hilo liliniudhi.

Niliondoka hapa na begi moja. Kule Barking, mashariki mwa London, nilianza kwa kuosha sufuria, nikahamia ghalani kupakua makontena, na siku ninaaga nilikuwa msimamizi wa zamu, watu arobaini wakisubiri neno langu. Nyumba hii niliijenga nikiwa kulekule, kwa simu na kwa ukali. Nayasema kwa sababu ni kweli. Lakini mtu aliyepanda hivyo kwa nguvu zake ana ugonjwa mmoja: hawezi kusema "sijui".

Kila Mwingereza aliyesikia natoka Moshi aliniuliza kama nimepanda Kilimanjaro. Miaka ya mwanzo nilijibu hapana, nikaona nyuso zinavyonywea, kana kwamba nimewanyima kitu chao. Siku moja, kwenye chumba cha chai pale ghalani, nikajibu, "Mara mbili." Wakanisogezea sahani ya biskuti. Tangu siku ile sikuweza kurudi nyuma.

Ukweli ni kwamba sikuwahi kufika hata kwenye geti la kupandia mlima. Baba yangu alikuwa mpagazi. Alipandisha mlimani mitungi ya gesi, mahema na viti vya wageni mpaka magoti yakamwisha. "Mimi nimebeba ili wewe usibebe," alisema, akanikataza kabisa kuukaribia. Mlima nilikuwa nauona asubuhi nikipiga mswaki, basi.

Tulikuwa watu watatu wa Afrika Mashariki katika jengo nililokaa kule Barking, la ghorofa kumi na tano. Dada muuguzi, Mkisii wa Kenya, alikaa ghorofa ya tisa. Dereva wa basi, mtu wa Unguja, alikaa ya kumi na mbili. Mimi nilikaa ya kumi na nne, na lifti ikiharibika, jambo ambalo halikuwa habari, tulikutana kwenye ngazi tukihema. Ndivyo tulivyofahamiana. Dada alipokaribia kustaafu akasema anataka kwenda mahali ambako hakuna mgonjwa wa kubonyeza kengele. Akachagua kambi ya chini ya Everest, pale ambapo wanaokwenda kileleni huanzia safari.

"Na tuna bahati," akasema, "tuko na mtu wa mlima."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Badala yake nikawapangia mazoezi.

Nitakuwa mwongo mara ya pili nikisema sizikumbuki Jumapili zile kwa mapenzi. Dada akitoka kanisani, tulijaza mabegi pakiti za unga na kupanda ngazi kutoka chini hadi juu, tukishuka na kupanda tena. Ghorofa ya nne ilinuka vitunguu vinavyokaangwa, ya kumi na moja samaki. Dereva alikuwa akikaa chini kwenye ngazi ya ghorofa ya saba na kutangaza, "Kituo cha mwisho! Abiria wote mteremke!" Nami nilisimama juu yake na kumwambia kwamba kwetu wazee wa miaka themanini hupanda wakiimba. Nilisema vitu vingi vya namna hiyo. Kila mazoezi yalipoisha tulikula ugali kwa dada, kwa unga uleule tuliokuwa tumeutembeza.

Nepal ilitupokea vizuri. Siku mbili za kwanza kutoka Lukla, pale ndege inapowashusha wasafiri, nilitangulia mbele, kifua mbele, nikivuka madaraja yanayoning'inia bila kushika waya. Mwili wangu ulikuwa na nguvu, hilo halina ubishi. Tulipofika Namche, mji uliojikunja ubavuni mwa mlima, kiongozi wetu Mnepali akasema tupumzike siku nzima mwili uzoee hewa nyepesi. Dada na dereva wakanitazama mimi.

"Kwetu hatupumziki," nikasema. "Mwili ukipoa ndipo unapogoma."

Sijui neno hilo nililitoa wapi. Kiongozi alitikisa kichwa, akatuonya tena, lakini wenzangu wakaniamini mimi. Tulipofika Dingboche, kijiji cha juu zaidi, tukairuka na siku ya pili ya kupumzika. Dereva alibaki nyuma kila siku, hatua zake ndogondogo kama za mtu anayetafuta ufunguo chini, nami nikampigia kelele, "Bwana, hili si basi! Hakuna foleni mbele yako!"

"Nenda zako, yakhe," alijibu. "Miye sina abiria leo."

Tuliingia kijiji cha Lobuche saa nane mchana. Ilikuwa imebaki siku moja tu kufika kambini. Dereva alikaa kwenye benchi la nyumba ya wageni, akatapika kati ya miguu yake, kisha akaomba radhi kwa kila mtu aliyekuwa karibu. Dada akatoa kile kidude chake cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni, akakitazama, akakifuta, akakibana tena. Uso wake ukawa uso wa kazini.

"Huyu anashuka," akasema. "Sasa hivi."

"Sishuki," dereva akasema. Aliongea kama mlevi. "Kichwa chaniuma tu. Mwenyewe kasema, kwao kinauma siku moja halafu chapita. Si ulisema?"

Nilikuwa nimesema, ghorofa ya saba, mkono kiunoni.

"Mwambie ashuke," dada akaniambia. "Wewe ndiye anakuskiza."

"Shuka, bwana," nikasema.

"Wanihurumia tu. Wewe ulipanda na kichwa kikikuuma, mara mbili. Miye ni mtoto?"

Alijaribu kusimama aonyeshe uzima, akaenda kando kama kiti kilichovunjika mguu, nikamdaka. Mwili wake ulikuwa mzito na mikono baridi. Nikiwa bado nimemshika nikasema, "Sijapanda Kilimanjaro. Sijapanda hata mara moja. Nilidanganya."

Dada akaacha kufunga begi lake.

"Hata nusu?" dereva akauliza.

"Hata geti sijaliona."

 Midomo ya dereva ilikuwa ya buluu, na bado akapata nafasi ya kucheka, kicheko kidogo kilichokwisha kwa kikohozi. "Kumbe nimepandishwa ngazi miezi sita na mtu wa bondeni," akasema. "Haya. Niteremsheni."

Dada alitaka kushuka nasi. Nikakataa. Safari ilikuwa yake, na aliyeiharibu ni mimi. Yeye aliendelea na kiongozi asubuhi iliyofuata. Mimi na msaidizi wa kiongozi tulimshusha dereva mchana uleule kuelekea Pheriche, kijiji cha bondeni chenye zahanati. Msaidizi alimshika mkono. Mimi nilibeba begi langu mgongoni na la dereva kifuani.

Nilitaka kukimbia, lakini mtu mgonjwa hakimbizwi, na mwenye mabegi mawili hakimbii. Basi nikajifunza kutembea: kisigino, kidole, pumua, simama kabla hujachoka. Nilipozoea nikagundua natembea kama baba alivyokuwa akitembea kutoka kituoni hadi nyumbani, ile hatua fupi tuliyoicheka sisi watoto tukidhani ni uzee.

Kila tuliposhuka kidogo dereva alizidi kupata maneno. Karibu na Pheriche akageuka nyuma. "Mpagazi!" akaita. "Begi langu usiliburuze, lina miwani."

"Naam, mzee," nikajibu.

Kesho yake alikunywa supu bakuli mbili. Mimi na yeye hatukuiona kambi. Dada aliiona, akapigwa ile picha.

Barking nzima iliipata habari, dereva alihakikisha. Pale ghalani nilisimama mwenyewe kwenye chumba cha chai nikawaambia, na sikupewa biskuti. Ngazi tuliendelea kupanda Jumapili mpaka nilipoondoka, ingawa lifti ilikuwa imetengenezwa, na aliyetangulia alikuwa dereva, kwa mwendo wake. Hakuna kitu cha London ninachokikumbuka kwa hamu kama zile ngazi.

Wageni wakiiangalia picha huniuliza, "Na wewe uko wapi hapa?"

Huwaambia nilikuwa chini, nimebeba mizigo miwili, na kwamba niliibeba vizuri. Miwani haikuvunjika.